Namba Saba ni Nani

Django, ukiiacha kama ilivyokuja, inamtambua binadamu kwa mambo manne: jina la kuingilia, jina la kwanza, jina la mwisho na barua pepe. Kuna na nywila, bila shaka, na vitu vidogo vya pembeni kama tarehe aliyojiandikisha na kama akaunti yake bado iko hai. Lakini hayo manne ndiyo uso wake. Jina la kuingilia ni lazima, na watu wawili hawawezi kuwa na moja. Matatu yaliyobaki yanaweza kuachwa matupu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu: Django ni kiunzi cha kujengea tovuti. Badala ya kufyatua kila tofali mwenyewe, unakuta kuta zimesimama, mlango upo, na mlangoni kuna kufuli. Kazi yako ni kupanga vyumba. Ilianza kuandikwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, Kansas, na Adrian Holovaty pamoja na Simon Willison, ikatolewa kwa umma Julai 2005. Jina lilitoka kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa la jazi. Mimi nikiyatazama yale mambo manne huwa nakiona kabisa chumba cha habari: meza, kompyuta, mwandishi mwenye jina lake na jina la ukoo, mwenye anwani ya barua pepe aliyopewa na ofisi siku ya kwanza ya kazi. Kwa mtu yule fomu ile inatosha kabisa.

Shangazi yangu anaishi Mbagala na hana barua pepe. Aliwahi kuwa nayo; alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliyonunua simu, na wote wawili walishaisahau. Shangazi ni katibu wa kikoba cha akina mama ishirini na saba. Ndiye anayeandika daftari, na macho yake yameanza kuingia ukungu.

Katika daftari hilo kulikuwa na Mama Asha wawili. (Majina nimeyabadili, lakini yalifanana hivyohivyo.) Mmoja ana duka la vitenge, mwingine nyumba yake iko nyuma ya mashine ya kusaga, kwa hiyo mtaani ni Mama Asha wa Dukani na Mama Asha wa Mashine, na hakuna anayewachanganya. Daftarini nafasi ni finyu. Shangazi alikuwa akiandika "M. Asha" na kuacha mengine kwenye kumbukumbu zake. Siku ya kuvunja mzunguko na kugawana, mwaka juzi, ikaonekana marejesho ya mkopo wa mmoja yaliingizwa kwenye ukurasa wa mwingine. Shilingi laki moja na elfu arobaini. Kikundi kililipa pengo kutoka mfuko wa jamii, pilau likaliwa, lakini wale wawili hawakusalimiana hadi Ramadhani.

Ndipo shangazi akanipigia.

"Mwanangu, wewe si unafanya hizi kazi za kompyuta?"

"Nafanya, shangazi."

"Basi nataka kitu kitakachojua Mama Asha yupi ni yupi."

Nimewahi kupokea maelezo ya kazi kutoka kwa wateja wenye ofisi za vioo, kurasa arobaini, zenye michoro na mishale. Hakuna yaliyokuwa wazi kama hayo.

Tuanze na majina. Kwenye kitambulisho chake Mama Asha wa Mashine ana majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Django inauliza mawili. Ukimlazimisha ataandika lake na la babu, na baba yake ataanguka hapo katikati. La mume halimo. Ameolewa miaka thelathini na bado anatumia la baba, kama ilivyo desturi ya wengi wa pwani. Kwa hiyo lile linaloitwa jina la mwisho kwake ni la mzee aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Na hakuna mtu Mbagala anayemwita kwa lolote kati ya hayo matatu.

Waandishi wa Django wamekuwa wakiipanua nafasi ya majina kidogo kidogo. Hadi mwaka 2016 jina la kuingilia halikuruhusiwa kuzidi herufi 30. Toleo la 1.10 likaifikisha nafasi hiyo herufi 150. Jina la mwisho likapewa herufi 150 katika toleo la 2.0, na jina la kwanza, sijui lilikosa nini, likasubiri hadi toleo la 3.1 mwaka 2020. Kisanduku kikawa kirefu, lakini visanduku vikabaki viwili. Mwaka 2010 Patrick McKenzie aliandika orodha ya mambo ya uongo ambayo waandishi wa programu huyaamini kuhusu majina ya watu. Ni maarufu mno. Kila ofisi niliyofanya kazi kulikuwa na mtu aliyeisoma na kuicheka, na kila ofisi fomu ilikuwa na first_name na last_name.

Kwenye modeli yangu niliweka sehemu mbili za aina nyingine. Ya kwanza ni jina kamili, kisanduku kimoja kirefu, aandike mwenyewe anavyojitaja, majina mawili au matano. Ya pili ni jina la kuitwa. Humo ndimo alimoingia "Mama Asha wa Mashine", na ndilo jina linaloonekana kila mahali kwenye skrini.

Kuna jambo dogo hapa ambalo lilinifurahisha kuliko sehemu nyingine zote za kazi ile. Ukiitumia sehemu ya usimamizi ya Django bila kuigusa, huko juu inakukaribisha kwa jina lako la kwanza. Fikiria mwanamke wa miaka sitini na mbili, amelea watoto sita na wajukuu, anafungua simu na kitu kinamwita kwa jina lake kavu, kama mwalimu anavyomwita mtoto wa darasa la pili aliyechelewa. Kipande cha msimbo kinacholeta jina hilo kinaitwa get_short_name. Django inadhani jina fupi ni jina la kwanza. Niliandika changu, kikarudisha jina la kuitwa, na mbele yake nikaweka Shikamoo. Haikufika mistari mitano. Shangazi alipoiona mara ya kwanza alijibu "Marahaba" kwa sauti, peke yake, sebuleni. Mwanachama mdogo kuliko wote, ana miaka ishirini na minne, yeye alilalamika kwamba simu inamzeesha.

Barua pepe niliiondoa na namba ya simu ikaingia. Hapo ndipo wengi husimama na kuona kazi imekwisha: toa barua pepe, weka simu, mtu aingie kwa namba yake. Kwetu simu ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo barua. Kwa nini isiwe na jina pia?

Nilikaa na ile namba ya simu wiki nzima na kila siku ilinionyesha kasoro mpya. Ya kwanza ni ya kitoto: mtu yuleyule akiandika namba yake leo ataanza na sifuri, kesho na 255, keshokutwa ataweka alama ya kujumlisha na nafasi katikati ya tarakimu. Wewe unaona namba moja. Kompyuta inaona watu watatu, na kila mmoja ana haki ya kufungua akaunti. Hiyo ina dawa, unaandika kichujio kinachozigeuza zote kuwa na umbo moja kabla ya kuzihifadhi. Ya pili haina dawa ya namna hiyo. Wanachama wawili walikuwa wanatumia simu za binti zao, na mmoja anashirikiana simu na mke mwenzake, ambaye naye ni mwanachama. Ukisema namba isijirudie, mmoja wao unamfungia nje.

Ya tatu ndiyo iliyoniogopesha. Laini hupotea. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, tumezoea kudhani namba ya simu imeshonwa kwenye ngozi ya mtu. Haijashonwa. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na baadaye namba hiyohiyo huuzwa kwa mtu mwingine. Mama anayekwenda kuuguza mzazi Rufiji miezi minane, akirudi anakuta namba yake inapokelewa na dereva wa bodaboda Mwanza. Kama namba ile ndiyo yeye, basi hisa zake, mkopo wake na kumbukumbu zake zote za mwaka ziko mlangoni kwa yule dereva, zinasubiri tu abonyeze "nimesahau nywila".

Nikafikiria namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Wanachama watatu hawakuwa nayo bado, na waliokuwa nayo hakuna aliyeijua kichwani. Na kusema kweli sikutaka kuishika. Kikoba cha akina mama hakina sababu ya kukaa na vitambulisho vya taifa vya watu kwenye seva ninayoilipia mimi.

Jibu nililikuta limekaa mkekani. Jumamosi moja nilikwenda kwenye mkutano wao, saa kumi jioni, uani kwa mwenyekiti. Sanduku katikati, viti vya plastiki kulizunguka. Mwenyekiti hakuita jina la mtu hata mmoja. Aliita namba. "Namba moja." Mtu anainuka, anatoa fedha za hisa, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, kijitabu chake kinagongwa muhuri, anarudi kukaa. "Namba mbili." Hivyo hadi ishirini na saba. Vikoba vingi huenda hivyo. Kila mwanachama ana namba yake, na wengi huijua kuliko namba zao za simu.

"Shangazi," nilimnong'oneza, "namba saba ni nani?"

"Namba saba ni namba saba," alisema. "Sasa hivi ni Mama Asha wa Mashine. Mzunguko uliopita alikuwa bibi mmoja wa Kongowe, Mungu amrehemu. Watoto wake bado hatujawamalizia."

Kwa hiyo hata namba, iliyo bora kuliko vyote, inarithiwa. Ningeifanya ndiyo mzizi wa kila kitu, Mama Asha wa Mashine angeingia mlangoni na kukuta amebeba deni la marehemu, na watoto wa marehemu wangekuta hisa za mama yao zinaitwa za mtu mwingine. Lile kosa la daftari lingerudi, safari hii likiwa limevaa suti.

Nikatenganisha vitu ambavyo fomu huvibana pamoja. Kuna namba ya ndani, ambayo hakuna mwanachama anayeiona, inayozaliwa naye siku anaposajiliwa na haitolewi tena kwa mtu mwingine. Hisa na mikopo yote imefungwa hapo. Kuna namba ya uanachama, ikitanguliwa na herufi za kikundi ili namba saba wa Mbagala asigongane na namba saba wa kwingine. Hiyo ndiyo ya kuingilia, na Django ina mahali pa kuitangaza, panaitwa USERNAME_FIELD. Kuna simu, ambayo ni mahali pa kumpata tu, na inaruhusiwa kufanana na ya mwenzake. Na kuna jina la kuitwa. Bibi wa Kongowe bado yumo, akaunti yake imezimwa, namba ya uanachama imeondolewa kwake, na hisa zake ni zake.

Haya yote unatakiwa kuyaamua kabla hujaandika kitu kingine chochote, na hapa niseme kidogo la kifundi kwa sababu ndilo linalowaumiza watu. Tangu toleo la 1.5, Februari 2013, Django inakuruhusu kusema: mtumiaji wangu si yule wenu, ni huyu. Unaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, AUTH_USER_MODEL, ukielekeza kwenye modeli yako. Kabla ya hapo watu walimwacha mtumiaji alivyo na kumtundikia wasifu pembeni, kama mkoba. Mstari wenyewe ni mfupi, ila uchungu wake ni wakati. Mara ya kwanza unapoiambia Django itengeneze majedwali kwenye hifadhidata, kila jedwali linalomhusu mtu huchomelewa kwenye jedwali la watumiaji. Ukitaka kumbadili mtumiaji baada ya hapo, nyaraka zake zinakueleza wazi kwamba haiwezi kufanyika yenyewe: utarekebisha majedwali kwa mkono na kuhamisha data mwenyewe. Ndiyo maana kwa miaka mingi zimewashauri wanaoanza mradi kuweka modeli yao hata kama ile ya kuzaliwa nayo inawatosha leo. Lile swali la mtu huyu ni nani unaulizwa siku ya kwanza, wakati hujamjua mtu yeyote.

Niliwahi kukaa katika ofisi moja, siitaji, iliyorithi mfumo wa karo za shule uliojengwa juu ya mtumiaji wa kawaida, barua pepe ikiwa ya lazima. Wazazi wengi hawakuwa nazo. Makarani, watu wenye akili, wakawa wanazitunga: hana1, hana2, hana3, na kuendelea. Tulipofika sisi, hana alikuwa amepita mia nne. Mzazi akisahau nywila, barua ya kumsaidia inakwenda kwa hana 217, ambaye hayupo duniani. Kuufumua mfumo ule kulitugharimu likizo ya Krismasi.

Django inakupa milango miwili ya kumtengeneza mtu wako. Wa kwanza ni AbstractUser: unapata kila kitu kilichokuwapo, unaongeza vyako juu. Wengi waingie hapo, ni salama. Wa pili ni AbstractBaseUser, ambayo inakupa nywila, kumbukumbu ya mara ya mwisho kuingia, na karibu hakuna kingine. Nyumba unajenga mwenyewe. Mimi sikutaka jina la kwanza wala la mwisho ndani ya nyumba, nikaingia wa pili. Na ukiingia huo unatakiwa uandike kwa mkono wako jinsi mtumiaji anavyozaliwa, na jinsi anavyozaliwa yule mkubwa, anayeitwa superuser. Hapo ndipo kazi ilipotoka kwenye majina ikaingia kwenye fedha.

Lile sanduku la kikoba lina makufuli matatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwenyekiti hana ufunguo. Katibu hana ufunguo. Mtunza sanduku analala nalo chini ya kitanda na hawezi kuchukua shilingi moja. Ili lifunguke, lazima wale watatu wawepo, mbele ya wote.

Superuser wa Django ni kinyume chake. Msimbo ukiuliza "huyu anaruhusiwa?", kipande kinachoitwa has_perm kinatazama kwanza kama akaunti iko hai na kama ni superuser, kama ndivyo, kinajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Awe anataka kusoma, kubadili au kufuta, jibu ni lilelile. Kwenye gazeti ni jambo la maana. Lazima awepo mtu wa kuamshwa usiku.

Niliwaeleza wale mama, kwa sababu waliuliza. Mwenyekiti ndiye aliyeuliza.

"Na wewe mwanetu, funguo zako ni ngapi?"

"Moja, mama."

"Inafungua nini?"

"Kila kitu."

Palikuwa kimya kidogo. Mtu akakohoa. Shangazi alikuwa akitazama mkeka.

"Sisi tunakuamini," alisema mwenyekiti. "Hata mtunza sanduku tunamwamini."

Nilirudi nyumbani nikaandika has_perm upya. Kwa majedwali ya fedha haina jibu la ndiyo kwa mtu mmoja, hata awe nani. Mkopo ukiingizwa unakaa katika hali ya kusubiri mpaka washika funguo watatu, wale walewale wa makufuli, wathibitishe kila mmoja kwa namba yake na namba yake ya siri. Kilichokwisha kuandikwa hakifutwi. Kama kuna kosa, linaandikwa ingizo jipya la kulisahihisha, nalo linataka funguo tatu. Mimi mwenyewe nikiingia naona majina na simu, kwenye fedha naona jumla tu.

Hiyo namba ya siri nayo ilileta mzozo mdogo na Django. Mradi mpya huja na walinzi wanaokataa nywila fupi ya chini ya herufi nane na nywila ya tarakimu tupu. Akina mama wamezoea tarakimu nne za fedha za simu. Tulikubaliana sita. Niliwaondoa walinzi wawili, na kwa kuwa Django yenyewe haimzuii mtu kubahatisha nywila hata mara elfu, nikaweka kikomo: ukikosea mara tano unasubiri Jumamosi.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia na lile la mwisho, maana bila hilo mengine yote ni mapambo. Niliwaambia seva nalipia mimi. Nikitaka naweza kupita chini ya sakafu, nikaingia kwenye hifadhidata yenyewe, nikabadili tarakimu, na has_perm haitaulizwa kitu.

Nilidhani wataahirisha. Mhesabu fedha mmoja, mama mnene anayeuza chapati stendi, akacheka.

"Hata fundi aliyechomelea hili sanduku anajua pa kulibomolea," alisema. "Kwani sisi tunalitegemea sanduku? Haya, mwenyekiti, waulize."

Mwenyekiti akauliza: "Jumamosi iliyopita tuliacha ngapi?"

Wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa wanamenya njugu: "Milioni moja, laki mbili, elfu thelathini na tano."

Ndivyo wanavyofanya kila wiki. Wakifunga, katibu anatangaza kilichobaki na kila mtu anakariri. Wakirudi, kabla kufuli halijaguswa, wanaulizwa. Nimefanya kazi miaka saba kwenye mambo ya kuthibitisha watu na data, na sikuwahi kuona hifadhi ya nakala ishirini na saba inayojibu kwa sauti moja.

Wakaamua wenyewe, mimi nikiandika. Kila mkutano ukifungwa, mfumo unatuma jumla ya siku hiyo kwa SMS kwenye kila simu iliyosajiliwa. Mfumo ukitofautiana na vijitabu, vijitabu ndivyo vyenye haki, na masahihisho yatafanyika mbele ya wote. (Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba hiyo ni blokucheni. Nilimwambia ni SMS.) Na ile akaunti inayoweza kubadili nani ni mshika funguo, nywila yake isiwe yangu.

Tuliiweka siku hiyohiyo, kompyuta yangu juu ya sanduku. Kila mshika funguo aliandika kipande chake, wenzake wakiwa wamegeuka, kisha wakarudia kwa mpangilio uleule kwa sababu Django inataka nywila mara mbili. Ukiandika nywila kwenye ile skrini nyeusi haionyeshi kitu, hata vinukta. Wa kwanza alibonyeza, akasubiri, akaniita.

"Mbona haiandiki?"

"Inaandika, mama. Inaficha."

"Hata mimi inanificha?"

Mara ya kwanza hazikufanana. Mara ya pili hazikufanana. Django inatoa nafasi tatu kisha inaacha. Ya tatu walizungumza kwanza pembeni, wakaja wakaandika polepole kama watu wanaotunga sindano uzi, ikakubali, na uani kukapigwa kigelegele.

Mzunguko ulikwisha Desemba. Siku ya kugawana nilikuwa na kompyuta pembeni, bila kazi. Namba ikiitwa, shangazi anasoma hisa kutoka kwenye simu, herufi kubwa, na mwenye namba anazihesabu kwenye kijitabu. Zilikuwa zinalingana. Namba saba hazikulingana. Kijitabu kilikuwa na mihuri mitatu zaidi ya mfumo, ya Jumamosi moja ya Aprili ambayo mvua iliwakimbiza ndani, umeme ukakatika, na yaliyogongwa muhuri kwa mshumaa hayakuingizwa yote.

Kwa kanuni yao, kijitabu kina haki. Shangazi aliandika ingizo la kusahihisha, likakaa linasubiri funguo tatu. Ya kwanza ikathibitishwa, ya pili ikathibitishwa. Mshika funguo wa tatu, mzunguko huo, alikuwa Mama Asha wa Dukani.

Hakuichukua simu. Alinyoosha mkono akakiomba kijitabu, akavaa miwani, akaihesabu mihuri ya mwaka mzima kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, wakati watu ishirini na sita wanamtazama na wali unapoa. Alipomaliza alimrudishia mwenyewe mkononi, kisha akachukua simu na kuandika tarakimu zake sita.